Hofu ya Kuripotiwa: Mwongozo kwa Mzazi Anayehitaji Msaada na Anaogopa Kunyang'anywa Mtoto

Mama ameketi mbele ya daktari, mtoto mchanga yuko mapajani mwake, na daktari anamuuliza swali la kawaida kabisa: "Na wewe mwenyewe unaendeleaje?" Mama anajibu kwamba hajambo. Ukweli ni kwamba hajalala vizuri kwa majuma kadhaa, analia akiwa peke yake bafuni, na juzi alimweka mtoto kitandani kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Ananyamaza kwa sababu amesikia kwamba ukitamka maneno kama hayo yanaandikwa, na yakishaandikwa watu wa ustawi wa jamii wanakuja kumchukua mtoto. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi wa namna hiyo, awe mama au baba, ambaye anaujua msaada anaouhitaji lakini anauogopa mlango anaopaswa kuubisha.

Sitamwambia kwamba hofu yake haina msingi. Watafiti nchini Marekani walikadiria mwaka 2017 kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa nchi hiyo huwa wamehusishwa na uchunguzi wa mamlaka za ulinzi wa mtoto kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa watoto weusi ni zaidi ya nusu. Familia maskini huripotiwa zaidi kwa sababu maisha yao yanapita mbele ya macho ya watumishi wengi wa umma, ilhali familia zenye fedha hununua faragha yao. Ninachotaka kusema ni kwamba hofu hii, isipopewa maarifa, humsukuma mzazi kufanya mambo yaleyale yanayomweka hatarini zaidi, yaani kuchelewa kwenda hospitali, kuficha jeraha, kubadilisha maelezo, na kukosa miadi. Mzazi anayejua mambo yanavyokwenda anaweza kuogopa na bado akafanya linalomfaa mtoto wake.

Taarifa ni nini, na si nini

Sheria za kuwalazimisha wataalamu kutoa taarifa zilienea baada ya mwaka 1962, pale daktari Henry Kempe wa Colorado na wenzake walipochapisha makala kuhusu watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na mifupa iliyovunjika na majeraha ambayo maelezo ya wazazi hayakuyaeleza. Madaktari walikuwa wakiyaona majeraha hayo na kunyamaza. Katika miaka michache tu, majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuwataka wasinyamaze, na nchi nyingine nyingi zikafuata kwa namna zake. Ni muhimu mzazi aukumbuke mwanzo huo, kwa sababu unaeleza jambo linalowaumiza wengi: mwalimu au muuguzi aliyetoa taarifa hakuhitaji kuwa na ushahidi, wala hakuruhusiwa kusubiri mpaka aupate. Sheria nyingi humtaka aripoti akiwa na shaka yenye sababu, humkinga asishtakiwe ikiwa aliripoti kwa nia njema, na humwadhibu akinyamaza. Yeye hana mamlaka ya kuamua kama mtoto ameumizwa au la. Taarifa yake ni ombi kwamba mtu mwingine aangalie.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua sheria ya mahali unapoishi, kwa kuwa zinatofautiana sana. Kuna nchi na majimbo ambako wajibu huo ni wa wataalamu tu, kama vile madaktari, wauguzi, walimu, maafisa wa ustawi wa jamii na polisi, na kuna mahali ambako ni wa kila mtu. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mwanajamii yeyote wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa endapo ana ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Tazama maneno hayo, mzazi "mwenye uwezo". Asiyekuwa na kitu hawekwi kundi moja na mwenye nacho anayemnyima mtoto.

Jambo la pili la kujua ni kwamba taarifa nyingi hazifiki mbali. Marekani mwaka 2022 zilipokelewa taarifa zipatazo milioni 4.3, na karibu nusu yake hazikupelekwa kwenye uchunguzi wowote, kwa kuwa wapokeaji waliona kwamba kilichoelezwa hakikufikia kiwango kilichowekwa na sheria. Kati ya zilizochunguzwa, nyingi zilifungwa bila kuthibitika kwamba mtoto alidhulumiwa, na hata kesi zilizothibitika hazikuishia zote kwa mtoto kuondolewa nyumbani. Nchi nyingine zina takwimu zao, lakini ngazi ni zilezile karibu kila mahali: taarifa, mchujo, ziara ya afisa, tathmini, na pale tu hatari inapoonekana, mahakama. Mzazi mwenye hofu huziruka ngazi zote hizo akilini na kujiona tayari yuko kwenye ile ya mwisho.

Umaskini si kosa, lakini uache alama za juhudi zako

Kati ya watoto waliothibitika kudhulumiwa Marekani mwaka huo wa 2022, takriban watatu kati ya kila wanne walihesabiwa katika kundi la kupuuzwa, si la kupigwa wala kunajisiwa. Neno hilo "kupuuzwa" ni pana mno, na ndani yake umaskini na uzembe hufanana machoni pa mgeni: jokofu tupu, mtoto asiye na koti, nyumba baridi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenganisha mtoto na wazazi wake, bali uchukuliwe kuwa ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa.

Ili kanuni hiyo ikusaidie, lazima ionekane kwamba ulijitahidi. Omba msaada mapema, na ikiwezekana uombe kwa maandishi. Barua uliyomwandikia mwenye nyumba kuhusu dari linalovuja, fomu ya maombi ya msaada wa chakula hata kama ilikataliwa, kadi ya kliniki yenye tarehe, ujumbe uliomtumia mwalimu kueleza kwa nini mtoto hakufika shule, vyote hivyo viweke katika jalada moja. Wazazi wengi huona aibu kuhifadhi karatasi zinazoonyesha walivyokosa. Mimi naziona kuwa karatasi zenye thamani kubwa kuliko zote nyumbani, kwa sababu tofauti kati ya mzazi aliyekosa na mzazi aliyepuuza ni juhudi, na juhudi isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha mbele ya mtu asiyekufahamu.

Uliza kwanza, kisha useme

Kabla ya kumfungulia daktari, mshauri nasaha au mwalimu moyo wako, una haki ya kumuuliza mipaka ya usiri wake. Unaweza kusema: "Kabla sijaendelea, naomba unieleze ni mambo gani ambayo sheria inakulazimu kuyaripoti, na ni yapi yatabaki kati yetu." Swali hilo halikutii doa. Washauri waliofunzwa vizuri hulieleza jambo hilo wenyewe katika kikao cha kwanza. Ukishapata jibu, utaona kwamba orodha ya yanayoripotiwa ni fupi kuliko ulivyodhani: mtoto aliyeumizwa au kupuuzwa, anayeumizwa, au aliye katika hatari ya kweli ya kuumizwa. Uchovu, huzuni, majuto ya kuwa mzazi, ugomvi wa kawaida wa nyumbani na kukata tamaa, kwa vyenyewe, havimo.

Nataka kukaa kidogo hapa, kwenye afya ya akili, kwa kuwa ndipo ukimya unapoleta madhara makubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na katika nchi zinazoendelea viwango hivyo ni vya juu zaidi. Sonona hutibika, na mzazi anayetibiwa ni salama zaidi kwa mtoto kuliko anayeficha. Pia kuna mawazo ya ghafla yanayowajia wazazi wengi wapya bila kuyaita, kama vile taswira ya mtoto akianguka kutoka mikononi au kisu kikimkata, na wazo hilo humtisha mzazi hata akaogopa kubaki peke yake na mtoto. Mtaalamu anayeijua kazi yake hulitofautisha wazo la namna hiyo na nia. Msaidie kulitofautisha kwa kulieleza lote: "Wazo hili linanijia, linaniogopesha, sitaki kulitenda, na nafanya kila niwezalo kumlinda mtoto." Ukisema nusu yake ya kwanza tu kisha ukanyamaza, unamwachia msikilizaji aijaze nusu ya pili kwa kubahatisha.

Hali ni tofauti ikiwa unasikia sauti zinazokuamuru, unaamini kwamba mtoto si wako au ana pepo la kuondolewa, au umeanza kupanga namna ya kumdhuru au kujidhuru. Huo ni ugonjwa wa dharura sawa na kuvuja damu, na siku ya kwenda hospitali ni leo hiihii, ukiwa umesindikizwa na mtu mzima, huku mtoto akiwa mikononi mwa unayemwamini. Hapo taarifa inaweza kutolewa kweli, lakini mtoto atakuwa hai na wewe utakuwa umepata dawa.

Na kwa yule anayeogopa hasira yake mwenyewe: kilio cha mtoto mchanga huongezeka kuanzia majuma ya kwanza na kwa kawaida hufika kilele karibu na juma la 6 hadi la 8, kisha hupungua. Ukihisi mikono inatetemeka, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje kwa dakika chache upumue, mpigie mtu simu, kisha urudi. Mtoto aliyelia peke yake dakika chache hapati dhara. Mtoto aliyetikiswa anaweza kupofuka, kupooza au kufa. Hakuna afisa atakayekulaumu kwa kumlaza na kutoka nje kidogo, na usimwache mtu yeyote akuaminishe kwamba mzazi mwema hahitaji kufanya hivyo.

Majeraha ya mtoto

Daktari anayekuuliza mtoto aliumiaje anafanya kazi anayomfanyia kila mtoto. Anajua kwamba mtoto anayetembea huvilia damu magotini, kwenye miundi na kwenye paji la uso, na kwamba kitoto ambacho hakijaanza kujisogeza hakina njia ya kawaida ya kujiumiza. Anajua pia kwamba alama masikioni, shingoni au kwenye kiwiliwili cha mtoto mdogo zinahitaji maelezo. Kinachomtia shaka zaidi ya alama yenyewe ni mambo matatu: kucheleweshwa kwa matibabu, maelezo yasiyolingana na jeraha, na maelezo yanayobadilika kila yanapotolewa. Yote matatu huweza kuzaliwa na hofu ya mzazi asiye na hatia. Basi nenda mara moja, sema ulichokiona kwa macho yako, na pale ambapo hukuona sema hukuona. "Nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo, nikamkuta sakafuni" ni jibu zuri kuliko hadithi iliyokamilika ambayo hukuishuhudia.

Kuna jambo moja dogo ambalo wazazi wa watoto wenye ngozi nyeusi wanapaswa kulifanya mapema. Watoto wengi wa asili ya Afrika na Asia huzaliwa na mabaka ya bluu au ya kijivu mgongoni chini au makalioni, ambayo hufifia kadiri wanavyokua. Mtu asiyeyajua huyadhania kuwa alama za kipigo. Katika ziara ya kwanza kliniki mwombe muuguzi ayaandike katika kadi ya mtoto, pamoja na mahali yalipo na ukubwa wake. Mstari huo mmoja umetosha kuondoa shaka nyingi.

Ikiwa anayeumizwa nyumbani ni wewe

Mama anayepigwa na mwenzi wake huogopa kwamba akisema, watoto watachukuliwa kwa kuwa "alishindwa kuwalinda". Jambo hilo limewahi kutokea, na limewahi kupingwa mahakamani: mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya New York, katika shauri la Nicholson dhidi ya Scoppetta, ilisema kwamba mtoto kushuhudia ukatili dhidi ya mzazi wake hakutoshi peke yake kumhesabu mzazi huyo kuwa amempuuza mtoto. Si kila mahali kuna hukumu kama hiyo, kwa hiyo anzia kwa shirika la kusaidia waathirika wa ukatili au kwa wakili wa msaada wa kisheria, ukapange nao namna ya kutoka na namna ya kueleza. Mpango wa usalama uliokwisha kuanza kuutekeleza unazungumza kwa niaba yako.

Afisa anapobisha mlango

Moyo utakwenda mbio, na hilo ni la kawaida. Vuta pumzi, salimia kwa heshima, na uombe kitambulisho, jina kamili na ofisi anayotoka. Kisha uliza: "Ni madai gani yaliyotolewa?" Nchini Marekani sheria ya shirikisho inamtaka afisa akueleze madai hayo katika mawasiliano ya kwanza, na kwingineko kuuliza hakukatazwi. Jina la aliyeripoti kwa kawaida hutaambiwa, wala usilitafute. Nimeona wazazi wakipoteza usingizi wakikisia kama ni jirani au mwalimu, wakamfuata mtu huyo kwa maneno makali, na tendo hilo likaingia katika jalada pale ambapo madai ya awali yalikuwa yameanza kufifia.

Kuhusu kuingia ndani, katika nchi nyingi afisa huhitaji idhini yako au amri ya mahakama, isipokuwa kuna hatari ya papo kwa papo kwa mtoto. Hapa washauri hutofautiana, na mimi nina maoni yangu. Kukataa ni haki, na wakati mwingine ni busara, hasa pale ambapo madai ni mazito na huna wakili. Lakini kwa madai mepesi, mzazi aliyetulia anayeonyesha kitanda cha mtoto, chakula kilichopo na dawa zilizofungiwa mara nyingi humaliza jambo siku hiyohiyo. Ukiamua kukataa, kataa kwa upole na utoe njia nyingine: "Niko tayari kuzungumza nawe kesho nikiwa na wakili wangu." Usimfungie mlango usoni bila neno, na usihame wala kumpeleka mtoto kwa ndugu wa mbali usiku ule, kwa sababu kuhama husomwa kuwa kumficha.

Jibu unachoulizwa kwa ukweli na kwa ufupi. Ukiwa huijui vyema lugha ya ofisi, dai mkalimani, na usikubali kamwe mtoto wako awe mkalimani wa shauri linalomhusu yeye mwenyewe. Usitie saini karatasi usiyoielewa, hata ikiitwa makubaliano ya hiari au mpango wa usalama; omba nakala, omba muda wa kuisoma, na uliza nini kitatokea usiposaini. Afisa akishaondoka, andika tarehe, saa, jina lake, alichouliza na ulichojibu, kabla kumbukumbu haijachakaa.

Afisa huenda akataka kuzungumza na mtoto peke yake, na katika nchi nyingi anaweza kufanya hivyo shuleni hata kabla hujajua. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Maafisa wamezoea kusikia maneno ya mtu mzima katika kinywa cha mtoto, na jambo jema lililokaririwa huwatia shaka kuliko jambo baya lililosemwa kitoto. Mwambie hivi tu: "Kuna mtu anataka kujua kama uko salama. Mwambie ukweli. Hakuna atakayekukasirikia." Baada ya mahojiano usimhoji upya. Mpe chakula chake, mlaze saa yake ya kulala, na ukiona anaanza kukojoa kitandani au kuogopa mlango ukigongwa, mtafutie mtu wa kuzungumza naye.

Jambo likifika mahakamani

Ni familia chache zinazofika hapa, lakini anayefika asiende peke yake. Tafuta wakili siku hiyohiyo, na kama huna fedha uliza kuhusu msaada wa kisheria, kwa kuwa mahali pengi mzazi hupewa wakili katika mashauri ya aina hii. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, unasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila hiari yao isipokuwa mamlaka husika zimeamua hivyo kwa mujibu wa sheria, kwa sababu ya maslahi ya mtoto, na uamuzi huo uweze kupitiwa na mahakama. Maana yake ni kwamba hata mtoto aliyechukuliwa kwa dharura hajachukuliwa moja kwa moja. Kuna kikao, kuna hoja, kuna rufaa.

Tayarisha majina ya ndugu na marafiki wanaoweza kumlea mtoto kwa muda, pamoja na mahali wanapoishi, kwa sababu mamlaka nyingi hutakiwa kuwafikiria jamaa kwanza kabla ya wageni, na huwafikiria kwa haraka wale ambao majina yao yapo mezani. Hudhuria kila kikao na kila ziara ya kumwona mtoto, hata ziara ikiwa fupi na ya kuumiza. Ukipewa masharti, kama mafunzo ya malezi au matibabu ya ulevi, yaanze juma hilohilo, na uchukue cheti au barua kila unapokamilisha hatua.

Shauri likifungwa

Omba barua inayosema kwamba shauri limefungwa na matokeo yake ni nini. Uliza kama jina lako limewekwa katika rejista yoyote, litakaa humo kwa muda gani, na utaratibu wa kupinga ukoje, maana rejista hizo zinaweza kukuzuia kupata kazi ya kutunza watoto miaka kadhaa baadaye, na muda wa kukata rufaa mara nyingi ni mfupi. Iweke barua hiyo katika jalada lile lenye kadi za kliniki.

Kisha tazama tarehe ya kliniki inayofuata, na umpeleke mtoto. Daktari akikuuliza tena unaendeleaje, mjibu.